Mlango wa Hamamu

Aliyeingia alikuwa Jento.

Ndiyo, msomaji, Jento mtia rangi nguo, binamu wa Vidal mwenyewe. Wiki nzima mmejiuliza ni Myahudi gani atakayethubutu kusimama mbele ya Hakimu kumtia ndugu yake kitanzini. Mlidhani atakuwa mlevi, au mtu mwenye kisasi cha zamani. Hapana. Ni mtu aliyekula meza moja na Vidal kila Sabato tangu wote wawili hawajaota meno.

Galip aliposikia jina hilo alijiinua kwa vidole vya miguu ili aone. Alikuwa amesimama nyuma kabisa uwanjani, mahali Waislamu tunapowekwa siku za kesi. Ana miaka hamsini na miwili, na ishirini kati ya hiyo ameitumia kuendesha hamamu, nyumba ya kuogea ya mji wetu wa Teruel, katika nchi ya Mfalme wa Aragon. Anajua nani ana kovu wapi. Lakini hili hakulijua.

Mbele yake, kwenye ngazi, Tabibu Vidal alikuwa amefungwa mikono. Wanasema ametia sumu kwenye kisima cha mji. Tangu mvua zikatike, watu thelathini na mmoja wamekufa kwa homa ya tumbo. Domingo, mtengeneza mishumaa, amezika watoto wawili ndani ya wiki moja, na ndiye Mkristo aliyetoa ushahidi wa kwanza. Alisema alimwona Vidal siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, ameinama kisimani.

Neno la Domingo peke yake halikutosha. Kwa sheria ya mji wetu, Myahudi hanyongwi kwa kauli ya Mkristo tu. Lazima Mkristo mmoja na Myahudi mmoja waseme jambo lile lile. Na Mwislamu naye vivyo hivyo, Mkristo mmoja na Mwislamu mmoja. Hiyo ndiyo iliyotufanya tuishi hapa watu wa vitabu vitatu bila kumalizana.

Sasa Myahudi amepatikana.

"Weka mkono," Hakimu Lope akasema.

Wazee wa sinagogi walikuwa wameleta Taurati, imevishwa hariri. Jento akaweka kiganja juu yake.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Wapi?"

"Kisimani. Ijumaa. Saa nne."

"Akifanya nini?"

"Akitupa kitu."

"Kitu gani? Kiatu? Paka? Sema, bwana, karani anaandika."

"Kifuko," Jento akasema, macho chini.

Uwanja ukalipuka. Wanawake wakapiga mayowe. Mtu akarusha kitunguu, kikampiga Vidal begani.

Galip aliona jambo moja la ajabu. Vidal hakukasirika. Alimtazama Jento kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyemaliza somo lake bila kukosea.

"Vidal," Hakimu akasema, "Ijumaa saa nne ulikuwa wapi?"

"Hamamu. Ilikuwa siku yetu."

Hilo halikuwa na ubishi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hamamu ni ya wanaume wa Kikristo. Jumatatu na Jumatano ni ya wanawake. Ijumaa ni ya Wayahudi na Waislamu. Jumapili moto hauwashwi.

"Nani alikuona?"

"Galip."

Hapo yule mtawa mgeni akasimama. Amefika kwetu kwa miguu siku kumi zilizopita, hana viatu, ana sauti kama tarumbeta, na tangu afike hakuna jirani anayemsalimu jirani.

"Mwislamu amtetee Myahudi!" akacheka. "Basi mwiteni mbwa amtetee mbwa mwitu!"

Watu wakacheka naye. Hakimu Lope hakucheka. Huyu Hakimu si mtu mbaya. Ni mtu wa karatasi. Kilichoandikwa anakifuata, ambacho hakikuandikwa hakipo.

"Myahudi anaokolewa kwa njia ile ile anayohukumiwa," akasema. "Nataka Mkristo mmoja na Myahudi mmoja. Yupo Mkristo aliyekuwa hamamu siku ya Ijumaa?"

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Mkristo hamamu siku ya Ijumaa! Ni kosa kwake, na kwa msimamizi aliyemruhusu ni viboko hamsini na kufukuzwa kazi.

Galip akafungua mdomo. Vidal akamwona. Akatikisa kichwa polepole: usithubutu.

"Nawapa muda," Hakimu akasema. "Kivuli cha mnara kikifika ngazi hii ya chini, ananyongwa."

Galip akapima kivuli kwa macho. Saa mbili, zisizidi.

Akageuka na kuondoka mbio. Nyuma yake Domingo alimpigia kelele: "Kimbia, mzee! Kamwambie Mungu wako alete Mkristo!"

Hakukimbilia msikitini. Alikwenda kanisani, akapita mlango wa pembeni, akamkuta Padri Beltran ameketi kwenye chumba cha mavazi, amepandisha kanzu, anapaka mafuta magoti yake yaliyovimba kama mabilinganya.

"Nilisema mlango ufungwe," Padri akasema.

"Na wangu ulikuwa umefungwa, Padri. Nilikufungulia."

Padri akashusha kanzu haraka.

Sasa mmeelewa. Miaka mitatu, kila Ijumaa, Galip humfungulia Padri mlango wa kuingizia kuni nyuma ya hamamu. Humo ndani, kwenye chumba cha joto, Vidal humkanda magoti na kumfunga majani. Mwaka jana maaskofu walitoa amri kwamba Mkristo atakayetibiwa na Myahudi atatengwa na Kanisa. Padri aliisoma amri hiyo mwenyewe mbele ya waumini Jumapili. Ijumaa yake akaja hamamu kama kawaida, akasema ameisoma vizuri kabisa.

"Ijumaa ile mlikuwa pamoja kuanzia saa tatu mpaka karibu na adhuhuri," Galip akasema. "Vidal hakutoka hata kwenda kukojoa. Nenda ukaseme."

"Punguza sauti."

"Kanisani huwa nasema kwa sauti gani, Padri? Nifundishe. Mtu ananyongwa."

"Unadhani sijui?" Padri akasimama, akashika ukuta. "Nikisema, yule mtawa atanivua kanzu hii leo leo. Jumapili atakuwa yeye madhabahuni. Nani atawazuia watu? Kila jioni nawatuma watu nyumbani. Kila jioni nawaambia subirini. Mimi ndiye kizuizi pekee kilichobaki, Galip."

"Kizuizi gani ambacho hakizuii?"

Padri akafunga kichupa chake cha mafuta.

"Na wewe je?" akauliza. "Nikisema niliingia, watauliza nani alifungua."

"Nitasema ni mimi."

"Viboko hamsini. Kwa umri wako."

"Mgongo ni wangu, Padri. Wewe niazime ulimi wako tu."

Padri Beltran alifumba macho. Midomo ilicheza, pengine alikuwa anasali, pengine anahesabu hasara. Kisha akasema maneno ambayo Galip hakuyategemea kutoka kwa mtu aliyemfahamu miaka ishirini.

"Nenda zako. Sikukuona."

Na akamtoa nje, akafunga mlango kwa komeo.

Galip akabaki kwenye kichochoro, anapumua kama punda aliyepandishwa mlima. Angeweza kurudi nyumbani. Wengi wangerudi, na mimi nisingewalaumu. Lakini alikumbuka uso wa Vidal wakati Jento anaapa, akaona kuna kitu hakijakaa sawa. Akateremka mtoni, kwenye vibanda vya watia rangi.

Jento alikuwa peke yake kati ya mapipa, analia bila sauti. Galip akamshika ukosi wa kanzu, akamkandamiza kwenye pipa la rangi.

"Wamekuahidi nini?"

"Niache, Mzee Galip."

"Nitakutia humu ndani utoke bluu mzima. Wamekuahidi nini?"

"Si mimi waliyemwahidi! Ni Vidal!"

Galip akamwachia.

"Mtawa alimwendea gerezani," Jento akasema. "Alimwambia watu wanataka damu. Akinyongwa mmoja, watatosheka, mtaa wetu hautaguswa. Asiponyongwa, wataingia wote. Basi Vidal akaniita. Akasema, Jento, mimi sina mtoto, wewe unao watano. Nenda kaseme uliniona." Akajipiga kifua. "Nilikataa siku mbili. Mbili, Mzee Galip! Akanitukana. Akasema mimi mwoga, hata uongo mmoja unanishinda."

Galip akaketi juu ya gogo.

Fikiri, msomaji. Sasa hivi tu alikuwa ametoka kumwangukia Padri ili amwokoe Vidal. Kumbe akimwokoa Vidal, anaweza kuwachoma watu mia nne wa mtaa wa Wayahudi. Wakiwemo watoto watano wa huyu anayelia mbele yake.

"Na wewe ulimwamini yule mtawa?" akauliza.

"Vidal alimwamini."

"Vidal anajua magoti. Hawajui watu."

Akarudi mjini kwa njia ya juu, ile inayopita mbele ya lango la mtaa wa Wayahudi. Kabla hajafika akasikia nyundo.

Mafundi seremala watatu walikuwa wanapigilia mbao kwenye lango. Kwa nje. Mmoja wao alikuwa Gil, ambaye Galip alimwogesha bure siku Gil alipooa.

"Habari za kazi, Gil?"

"Pita tu, Mzee."

"Mnafunga?"

"Tumeambiwa tufunge."

"Mpaka lini?"

Gil akatoa msumari mdomoni. Hakumtazama usoni. "Kuhusu kufungua hatukuambiwa kitu."

Galip hakuhitaji kusikia zaidi. Mtu anayetaka kumlinda mwenzake hampigilii misumari kwa nje. Mtawa alikuwa anamchukua Vidal kama kitafunio, na chakula chenyewe kilikuwa nyuma ya lango hili.

Alikimbia. Mzee wa miaka hamsini na miwili alikimbia mpaka vijana kwenye kona wakampigia miluzi.

Zohra, mkewe, alikuwa nje ya mlango wa mbele wa hamamu, ameketi kwenye kiti chake kidogo. Ilikuwa Jumatano, na Jumatano Galip mwenyewe hapiti kizingiti. Mwanaume akiingia hamamu siku ya wanawake anakatwa mkono, hata awe ndugu wa Mfalme. Imekatwa miwili tangu mji ujengwe, na watu bado wanaikumbuka kwa majina.

"Una nini?" Zohra akauliza. "Umekuwa mweupe kama sabuni."

Akamweleza kwa maneno machache. Zohra alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halijapata kutokea katika ndoa yao.

"Ule mlango mdogo wa nyuma," Galip akasema, "unaotokea mtaani kwa Wayahudi. Wanaupigilia?"

"Nani anaukumbuka? Wanaume hawaujui. Ni mlango wa wake zao kuja kuoga."

"Mwite Reina, mke wa Vidal. Aje na wanawake wote, na watoto wote. Wanaume wakajifungie sinagogini, kuta zake ni nene. Lakini wanawake waje huku. Leo hakuna mwanaume anayeweza kuwafuata."

Zohra akasimama. Akasita.

"Nina Wakristo ishirini humo ndani wanaoga."

"Watapiga kelele?"

"Nimewasugua migongo miaka ishirini. Ninajua yupi anapigwa nyumbani na yupi ana mimba kabla mumewe hajajua. Hawatapiga kelele." Akakunja mikono ya gauni. "Isipokuwa mmoja. Toda yumo."

Toda, mke wa Domingo. Mama wa wale watoto wawili.

"Leo ndiyo mara ya kwanza ametoka nyumbani tangu azike," Zohra akasema. "Amekaa kwenye chumba cha joto tangu asubuhi, hasemi, hajimwagii maji. Nikimletea mke wa mtu anayeambiwa kamuulia wanawe..."

"Basi tuache?"

"Nimesema tuache? Nenda uwanjani, mume wangu. Uko wapi umuhimu wako hapa? Hata kuingia huruhusiwi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Galip alipofika uwanjani kivuli cha mnara kilikuwa kimebakiza upana wa kiganja kugusa ngazi. Kamba ilikuwa imeshatupwa juu ya boriti. Mtawa alikuwa anasali kwa sauti, na watu wanaitikia.

"Galip," Hakimu Lope akamwona. "Umepata Mkristo?"

"Yupo, Bwana Hakimu."

Watu wakamgeukia wote.

"Mtaje!" mtawa akanguruma.

Kumtaja Padri mbele ya watu wote, bila ridhaa yake, ni kumvua nguo hadharani. Na miaka ishirini kazi ya Galip imekuwa kinyume chake, kutunza nguo za watu na siri zilizomo. Akamtazama Vidal. Vidal alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu sasa, midomo inasema hapana, hapana.

"Alikuwa..."

"Hana haja ya kunitaja," sauti ikasema nyuma. "Nina miguu, japo mibovu."

Watu wakagawanyika. Padri Beltran alikuja katikati yao akichechemea, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umeshika msalaba. Alipanda ngazi moja, akapumzika. Ya pili, akapumzika. Hakuna aliyemsaidia.

"Ijumaa, kuanzia saa tatu mpaka karibu na adhuhuri, Vidal alikuwa hamamu," akasema. "Najua kwa sababu alikuwa ameshika goti langu. Naapa kwa msalaba huu."

Makelele yaliyofuata sitayaeleza. Mama mmoja alizimia. Mwingine akasema alishashuku siku nyingi, maana Padri ananukia vizuri mno.

"Padri na Wayahudi!" mtawa akapiga kelele. "Uchi! Ndani ya maji yao!"

"Ulitaka nioge na nguo?" Padri akamjibu.

"Nani alikufungulia?" Hakimu akauliza.

"Mimi," Galip akasema kabla Padri hajajibu.

"Viboko vyako tutavipanga baadaye." Hakimu akamgeukia karani. "Andika. Mkristo mmoja amemtetea. Anatakiwa Myahudi mmoja. Kivuli hakijafika. Yupo?"

Wazee wa sinagogi walioleta Taurati walitazamana. Hakuna aliyekuwa hamamu Ijumaa ile. Kivuli kiligusa ukingo wa ngazi.

Ndipo Jento akajitokeza. Alikuwa amemfuata Galip kutoka mtoni, jasho bado linamchuruzika. Alikwenda moja kwa moja, akaweka mkono juu ya Taurati kabla hajaambiwa.

"Niliapa uongo," akasema. "Sikumwona kisimani. Ijumaa nilikuwa naye hamamu, nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Na Padri nilimwona pia, lakini tulizoea kutomwona."

"Jento!" Vidal akafoka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kupandisha sauti. "Mjinga wewe! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana na mwongo. Wanapigilia lango, Vidal. Kwa nje. Nimepita, nimeona kwa macho yangu."

Vidal akanywea. Akageuka taratibu kumtazama mtawa.

"Unajua sheria inamfanya nini aliyeapa uongo?" Hakimu akamuuliza Jento.

"Najua. Anabeba adhabu ya yule aliyemsingizia."

"Na bado unasema?"

"Andika, Bwana Hakimu, kabla sijaogopa."

Karani akachovya kalamu. Hakimu Lope akainua mkono kuamuru Vidal afunguliwe. Galip akaona kwa macho yake fundo la kamba likilegea. Akaanza kusema alhamdulillahi.

Hakuimaliza.

Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Haikuwa ya sala. Ilikuwa ile ya haraka haraka, ya moto na ya vita.

Padri Beltran akageuka kuutazama mnara wake mwenyewe. "Mimi niko hapa," akasema. "Nani anapiga kengele yangu?"

Mtawa hakuwepo tena pale alipokuwa amesimama.

Watu mia tatu wakageuka kwa pamoja. Hakuna aliyewaambia waende wapi. Walikwenda, Vidal wakamwacha kwenye ngazi na kamba yake. Waling'oa mbao za Gil kwa mikono, zikatoka kirahisi mno, maana misumari ya Gil ilikuwa mifupi kuliko ilivyotakiwa, na hilo mtu amwekee Gil akiba kwa Mungu. Wakaingia mtaani. Jikoni vyungu vilikuwa bado vinachemka, lakini vyumbani hamna mtu. Sinagogi limefungwa kwa boriti, na wanaume wamo ndani. Wanawake hakuna. Watoto hakuna.

Kisha mtu mmoja akaona kiatu cha mtoto kimeanguka mbele ya mlango mdogo ukutani. Ulikuwa na komeo kwa ndani, na mvuke uliotoka chini yake ukawaambia ni wa hamamu.

Galip alikuwa wa kwanza kufika mbele ya hamamu, na dakika haikupita uwanja mdogo ukajaa. Domingo alikuwa mbele, ameshika nyundo ya mmoja wa mafundi. Mtawa alikuwa nyuma yake.

Mlango ukafunguka kidogo.

Hakutoka Zohra. Alitoka Toda. Alikuwa amejifunga shuka moja, nywele zinachuruzika, miguu mitupu juu ya jiwe. Amekonda. Wanaume wote wakashusha macho, hata waliokuja kuua.

"Toda," Domingo akasema. "Nenda nyumbani."

"Sijamaliza kuoga."

"Wayahudi wamo humo ndani?"

Toda alimtazama mumewe.

"Humu ndani wamo wanawake wasio na nguo, Domingo," Toda akasema. "Ukitaka kuwahesabu, anza na mkeo."

Mtu akacheka. Mwingine akacheka. Ndivyo watu walivyo. Waliokuwa wamekuja na mapanga walianza kutazamana kwa aibu, mmoja akamwambia mwenzake kwamba leo ni Jumatano kweli. Wa nyuma wakaanza kurudi nyuma. Mtawa alipiga kelele, hakuna aliyemsikiliza. Mkono ni mkono, na kila mtu anautaka wake.

Ndipo Hakimu Lope akafika, anahema, karani akimfuata mbio. Galip alikaribia kumkumbatia. Mtu wa karatasi! Huyu ndiye atakayewasomea sheria ya Jumatano neno kwa neno, wote waende makwao.

Hakimu akapanda juu ya jiwe la kupandia nyumbu. Mkononi alikuwa na karatasi ambayo wino wake bado unang'aa. Mtawa alimsogelea, akaushika upande wa pili wa karatasi ile kana kwamba ameiandika yeye.

"Kwa ajili ya homa hii," Hakimu akasoma, bila kumtazama mtu, "na kwa mamlaka niliyopewa na Mfalme, siku za hamamu zimefutwa tangu saa hii. Hakuna Ijumaa ya Wayahudi na Waislamu. Hakuna Jumatano ya wanawake. Mlango uko wazi kwa Mkristo yeyote, siku yoyote."

Akaikunja karatasi. Akashuka. Galip alimshika mkono, Hakimu akauvuta.

"Bwana Hakimu, hiyo sheria ina miaka mia mbili!"

"Ilikuwa nayo," Hakimu akasema, akaenda zake.

Domingo akapiga hatua moja mbele, nyundo mkononi.

"Umesikia, Toda. Sogea."

Toda hakusogea. Alirudisha mkono mmoja nyuma yake, kwenye mvuke, akamshika mtu na kumvuta nje juani mbele ya wote. Alikuwa Reina, mke wa Vidal, amejifunga shuka kama yeye.

Toda alikuwa amemshika kiganja kwa nguvu, mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Domingo," akasema. "Huyu ndiye unayemtafuta?"

Na Galip, ambaye kwa miaka ishirini amejidai anaujua mji huu mpaka mgongoni, hakuweza kabisa kujua kama Toda alikuwa anamlinda yule mwanamke, au anamkabidhi.